Intaneti ya Ghali na ya Kukatika: Chama Kidai Haki Yake kwa Njia Gani?

Miaka ya nyuma Katibu wa chama cha msingi katika mwambao wa Ziwa Nyasa alihitaji vitu vitatu ili kazi zake ziende: daftari, mhuri na sanduku la fedha lenye kufuli. Barua ya Mrajis ilifika na gari la abiria kutoka Mbinga, nayo ikichelewa kwa sababu ya mvua hakuna aliyelaumiwa isipokuwa barabara. Leo Katibu ameongezewa kitu cha nne, nacho ni intaneti. Hiki cha nne ndicho kinachowanyima usingizi makatibu wengi kuliko vile vitatu vya kwanza.

Mbaha, kama zilivyo kata nyingine za mwambao, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa, makao yake makuu yakiwa Mbamba Bay. Wilaya ilisogea karibu, lakini kazi nyingi za ushirika zikahamia mahali pasipoonekana kwa macho. Taarifa za chama hupelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao MUVU. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku hana budi kuandikishwa katika mfumo wa kompyuta, na wakala humhudumia kwa kutumia simu. Mazao kama ufuta yameingizwa katika minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, ambako wanunuzi hushindana bei kupitia kompyuta. Malipo ya mkulima huingia benki au katika simu yake. Hata mchuuzi wa usipa huuliza bei ya Songea kwa simu kabla ya kununua ndoo moja ufukoni.

Kwa hiyo mtandao ukikatika, jambo halikomei katika kukosa habari za mpira. Mkulima aliyetembea saa mbili hadi kwa wakala hurudi bila mfuko wa mbolea, na mvua haimngojei. Katibu hushindwa kupeleka hesabu katika siku iliyowekwa, na mkaguzi anapofika huandika kwamba chama kimechelewa. Hakuna safu katika taarifa ya mkaguzi ya kuandika kwamba mnara ulikuwa umelala siku tatu.

Malalamiko ya wanachama kila mahali ni ya namna tatu, nayo hutolewa kwa pamoja kana kwamba ni moja: kwamba vifurushi ni ghali na huisha upesi, kwamba mtandao hautegemeki, na kwamba anayepiga simu kulalamika hasikilizwi. Inafaa yatenganishwe, maana chanzo cha kila moja ni tofauti na dawa yake pia ni tofauti.

Kwanza, bei. Intaneti huuzwa kwa kipimo cha megabaiti, ambacho watu wamezoea kukiita MB. Mwezi Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza kutumika nchini, wananchi walipiga kelele kubwa, na Serikali ikalazimika kusitisha bei hizo mara moja. Baadaye, katika mjadala uliorudi mwaka 2022, ilielezwa hadharani kwamba bei elekezi ya intaneti ya vifurushi ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. MB 1,024, yaani gigabaiti moja, kwa bei ya chini ni kama shilingi 2,080, na kwa bei ya juu ni kama shilingi 9,570. Wanachama wawili waliokaa benchi moja wanaweza kuwa wananunua kitu kile kile, mmoja akilipa zaidi ya mara nne ya mwenzake, kwa sababu tu yeye hununua kidogo kidogo kwa siku na mwenzake hununua kwa mwezi. Ndivyo ilivyo pia dukani kwa sukari ya vijiko, lakini kwa sukari mtu huona kijiko.

Yafaa ieleweke pia kwamba si kila shilingi inayolipwa hubaki kwa kampuni. Kwa viwango vilivyotumika hadi mwaka 2024, huduma za mawasiliano zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake. Huduma yenye thamani ya shilingi 100 kabla ya kodi ilimfikia mtumiaji kwa shilingi 138. Anayedai bei ishuke hana budi kujua kwamba sehemu ya dai lake ni la kupelekwa kwa Mbunge wakati wa bajeti, wala si kwa kijana anayepokea simu za wateja.

Hata hivyo, hesabu iliyo muhimu kuliko zote kwa mwanachama wa Mbaha haimo katika tangazo lolote la bei. Mathalani, Katibu amenunua kifurushi cha wiki chenye MB 1,000 kwa shilingi 3,000. Kwa karatasi, kila MB imemgharimu shilingi 3, bei ambayo imo katikati ya kiwango kilichotajwa. Lakini katika wiki hiyo mtandao ulipatikana vizuri siku mbili tu. Akatumia MB 300, na wiki ikaisha, na zile 700 zikafutika. Bei aliyolipa kwa kweli ni shilingi 10 kwa kila MB aliyoitumia, ambayo imepita hata bei elekezi ya juu. Hapa ndipo lalamiko la bei na lalamiko la kukatika yanapokutana. Mwenye mtandao imara na mwenye mtandao wa kubahatisha hutangaziwa bei moja, lakini hawalipi bei moja.

Kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa mwaka 2021 na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ziliweka nafuu fulani ambazo wanachama wengi hawazitumii kwa kutozijua. Mtumiaji atajulishwa anapofikisha asilimia 75 ya kifurushi na kinapomalizika. Asiendelee kukatwa fedha nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Aweze kuendelea na salio la kifurushi ikiwa atanunua kingine cha aina ile ile kabla cha kwanza hakijafika mwisho wa muda. Aweze pia kumhamishia mwenzake wa mtandao huo huo sehemu ya kifurushi chake. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, Katibu angeweza kuziokoa zile MB 700 kwa kununua kifurushi kama kile saa chache kabla wiki haijaisha. Ni kweli kwamba hilo linamtaka atoe shilingi 3,000 nyingine mapema, na tena lazima mtandao uwepo saa hiyo ya kununulia.

Kuhusu vifurushi kuliwa, haki itendeke pande zote. Simu za siku hizi hufanya kazi hata zikiwa mfukoni. Programu zake hujipakua upya, picha hujihifadhi mbali, na video hujifungua zenyewe. Katibu anayeitumia simu hiyo hiyo kwa kazi za chama na kwa mazungumzo ya jamaa hawezi kujua ni nani amekula nini. Katika mipangilio ya simu kuna sehemu inayoonyesha kila programu imetumia MB ngapi kwa mwezi. Hiyo isomwe kwanza kabla ya kulaumu mtu. Kando ya ziwa kuna jambo la nyongeza. Mawimbi ya redio hupita vizuri juu ya maji, na simu iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza kushika mnara wa ng'ambo, katika nchi ya Malawi. Huduma ya kutumia intaneti nje ya nchi izimwe katika simu ya chama, na mtandao uchaguliwe kwa mkono.

Sasa juu ya kukatika. Mwanachama anapoona alama ya mnara kwenye simu yake hudhani kwamba simu inazungumza na dunia. Kumbe inazungumza na mnara tu. Mnara nao lazima uwe na njia ya kufika kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nao Mkongo ufike Dar es Salaam, ambako nyaya zilizolazwa chini ya bahari huiunganisha nchi na ng'ambo. Waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa kusini, kuelekea Afrika ya Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo hata aliyekaa Posta mjini Dar es Salaam alilalamika kama wa Mbaha. Lakini matukio ya namna hiyo ni machache. Kukatika kwa kila wiki kunatokana na mambo yaliyo karibu zaidi.

La kwanza ni nchi yenyewe. Kutoka Umatengo milima inashuka kwa ghafula mpaka ziwani, na vijiji vimekaa katika vipande vyembamba vya ardhi chini yake. Mawimbi ya redio hayapindi kona upesi. Penye kilima pana kivuli, kama vile penye mti pana kivuli cha jua. Ndiyo maana mtu anaweza kupata mtandao mzuri akiwa ndani ya mtumbwi na kuukosa akiwa ofisini. La pili ni umeme. Mnara hauishi kwa hewa. Unahitaji umeme wa gridi, au jua na betri, au jenereta na mafuta. Betri zikichoka mnara huamka asubuhi na kulala jioni, na dalili yake ni mtandao kukatika saa zile zile kila siku. La tatu ni msongamano. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja. Saa 2 usiku, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, kila mmoja hupata kipande chake kidogo. Saa 10 alfajiri, Katibu aliye peke yake hupata mkate mzima.

Hapo Katibu anaweza kujisaidia. Tuseme anatakiwa kupeleka kurasa 40 za stakabadhi alizozipiga picha kwa simu, kila picha ikiwa na MB 3. Jumla ni MB 120. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hiyo mzigo wake ni megabiti 960. Kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, kazi hiyo huchukua dakika 16. Kasi ikishuka mpaka robo, huchukua dakika 64, na mtandao ukikatika katikati aghalabu huanza upya na MB zilizotumika hazirudi. Picha hizo hizo zikipunguzwa ukubwa mpaka nusu MB kila moja, mzigo wote ni MB 20, nao hupita kwa muda usiofika dakika 3 kwa ile kasi ya kwanza. Maandishi husomeka vile vile. Jambo hili dogo limesaidia kuliko barua nyingi za kulaumu.

Lakini yapo yasiyotibika kwa ujanja wa Katibu. Mnara ulio mbali, wenye betri mbovu, au unaohudumia watu wengi kupita uwezo wake, ni wajibu wa mtoa huduma. Na mahali ambapo kampuni haioni faida ya kujenga, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kutoa ruzuku ya kupeleka mawasiliano vijijini. Mwezi Mei 2023 Mfuko huo na kampuni za simu walitiliana saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Chama kisiulize tu kama mnara umesimama. Kiulize unatoa huduma gani, maana mnara wa kuzungumzia tu haupeleki taarifa za MUVU.

Linabaki lile lalamiko la tatu, la kutosikilizwa, na hapa ndipo vyama vinapopoteza haki yao kwa uzembe wao wenyewe. Mwanachama hupiga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja, husikiliza muziki kwa dakika nyingi, huambiwa azime simu na kuiwasha, kisha hukata tamaa na kuja kunung'unika mkutanoni. Mnung'uniko wa mkutanoni haujawahi kutengeneza betri ya mnara.

Sheria inatoa njia, nayo ina ngazi. Ngazi ya kwanza ni mtoa huduma mwenyewe. Lalamiko lipelekwe kwake, na mlalamikaji adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Pasipo namba hiyo, siku ya kuulizwa mtoa huduma atasema hakuwahi kuambiwa, wala mlalamikaji hatakuwa na la kujibu. Siku 30 zikipita bila ufumbuzi, au majibu yakiwa hayaridhishi, lalamiko lipelekwe kwa maandishi TCRA, pamoja na nakala ya kila kilichoandikwa. Kwa sheria iliyounda Mamlaka hiyo mwaka 2003, kitengo chake cha malalamiko ya watumiaji hujaribu kwanza kuwapatanisha wahusika. Siku 60 zikipita bila mapatano, jambo hupelekwa mbele ya Kamati. Asiyeridhika na uamuzi ana nafasi ya kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Sheria hiyo hiyo iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Baraza hili halihukumu mashauri, bali hutetea maslahi ya watumiaji na kupeleka maoni yao kwa Mamlaka. Watu wengi huyachanganya mabaraza haya mawili, wakapeleka barua ya rufaa mahali pa ushauri, na miezi ikapita bure.

Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtumiaji pia anaweza kuhama kampuni bila kubadili namba yake ya simu. Ni silaha nzuri kwa mtu wa mjini. Katika kijiji kinachofikiwa na mnara wa kampuni moja, silaha hiyo haina risasi, na aliyehama atakuwa amehamia kimya.

Basi nguvu ya mwanachama wa mwambao itoke wapi? Itoke pale pale ilipotoka nguvu ya mkulima wa kahawa mbele ya mnunuzi. Mteja mmoja wa kifurushi cha shilingi 1,000 ni mdogo sana machoni pa kampuni. Chama chenye wanachama mia tatu wanaotumia mnara mmoja ni jambo jingine, na vyama kumi chini ya Chama Kikuu ni jingine tena. Malalamiko thelathini ya maneno matupu huonekana kuwa thelathini ya hasira. Lalamiko moja lenye jina la kijiji, tarehe, saa ya kukatika na saa ya kurudi, kwa mwezi mzima, likiwa na sahihi za wanachama na mhuri wa chama, ni ushahidi. Fundi akiliona hujua mara moja kama tatizo ni betri au ni msongamano, na Mamlaka ikiliona huwa na kitu cha kulinganisha na vipimo vyake yenyewe.

Wapo wakulima waliokwenda mbali zaidi. Marekani, baada ya sheria ya umeme vijijini kurekebishwa mwaka 1949 ili itoe mikopo ya simu, wakulima waliokataliwa na kampuni kubwa walianzisha vyama vya ushirika vya simu, na vingi kati ya hivyo leo vinauza intaneti kwa wanachama wake. Kaskazini mwa Uingereza, katika eneo la Lancashire, wanavijiji waliunda mwaka 2011 jumuiya iitwayo B4RN, wakachimba mitaro katika mashamba yao wenyewe na kulaza nyaya za intaneti ya kasi. Hapa kwetu, Kondoa mkoani Dodoma umejaribiwa mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Haisemwi kwamba vyama vya Mbaha vianze kesho kuchimba mitaro katika miamba ya Livingstone. Jambo hilo linahitaji leseni, fedha na mafundi, na chama ambacho bado hakijalipa deni la pembejeo hakina haja ya kujitwika deni la nyaya.

Lililo ndani ya uwezo wa kila chama mwaka huu ni dogo zaidi. Laini ya simu ya chama iandikishwe kwa jina la chama, isiwe ya Katibu, maana Katibu akiondoka huondoka nayo, pamoja na ushahidi wote wa malalamiko. Usajili wake unaweza kuhakikiwa kwa kupiga *106#. Mkutano Mkuu uweke kifungu cha mawasiliano katika makisio, ili Katibu asiwe anakikopesha chama kutoka mfukoni mwake na kuja kudai bila stakabadhi. Inasikitisha kuona Halmashauri inayobishana saa nzima juu ya posho ya chai ikipitisha kwa kicheko ombi la Katibu la vifurushi, kana kwamba anaombea starehe.

Kisha lifunguliwe daftari. Liwe na safu za tarehe, saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, jina la kampuni, kazi iliyokwama, kifurushi kilichokuwapo na bei yake, MB zilizopotea kwa muda kwisha, na namba ya kumbukumbu iliyotolewa na huduma kwa wateja. Kasi ipimwe mara tatu kwa wiki, asubuhi, mchana na usiku, mahali pale pale pa ofisi; kila kipimo hula MB kadhaa, kwa hiyo nazo ziandikwe. Aliyepiga simu aandike jina lake na muda aliongojea. Mwisho wa mwezi Mwenyekiti atie sahihi, nakala moja iende kwa mtoa huduma, moja kwa Chama Kikuu, na moja ibaki ofisini katika jalada lake, siyo lile la barua za mazao.